Misumari ya Mdomoni

Kwa miaka mingi, mtu aliyepita mbele ya karakana ya Sponji na kumsalimia hakujibiwa neno. Aliinuliwa nyusi, au akatikisiwa kichwa, na kama siku ilikuwa nzuri alipata mguno mmoja uliotokea puani. Wageni walimwona mtu wa majivuno. Wenyeji walijua kwamba fundi wa makochi hawezi kusema "karibu" huku mdomo umejaa misumari.

Ndivyo alivyofundishwa kazi. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia umeshika nyundo, na mkono wa tatu Mungu hakuumba. Basi misumari ile mifupi inakaa mdomoni. Ulimi unaugeuza mmoja mpaka kichwa kinatangulia, midomo inausukuma nje, vidole viwili vinaupokea, nyundo inagonga, na kabla mlio haujafa mwingine uko mlangoni unasubiri zamu. Sponji aliweza kulizunguka kochi zima hivyo bila kukohoa. Jirani yake wa karakana, seremala ambaye mtaa ulimwita Randa, alikuwa akiwaonya wateja: "Msimchekeshe huyu. Akicheka tutapigiliwa ukutani sote."

Kisha mafigo yakagoma. Hayakugoma kwa kelele. Yalipunguza kazi polepole, kama kibarua anayetafuta sababu ya kuacha, hadi miguu ikavimba na nyundo ikawa nzito. Sponji akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu, leo yuko kwenye kitanda cha mashine, kesho amechoka, kesho kutwa kwenye mashine tena. Karakana ikafungwa. Randa aliifagia mbele kila asubuhi ili watu wasiseme imekufa.

Aliyemtoa huko ni dada yake mkubwa. Alikuwa mwalimu wa michezo, mwanamke wa mabega mapana, filimbi shingoni hata siku za mapumziko, na wanafunzi wake walimwita Dada Filimbi. Daktari wa figo alikuwa bado anaeleza kwamba ndugu wa damu anaweza kupimwa, naye alishasimama.

"Mimi ninayo mawili," alisema, "na kwa mchezo huu moja linatosha. Lingine lilikuwa limekaa benchi muda wote."

Alipimwa kila kinachopimika, akaonekana anafaa. Sponji alijaribu kumshukuru, machozi yakaja mbele.

"Usinililie," dada yake akasema. "Sitaki asante. Nataka kiti."

Alimaanisha kile kiti cha marehemu baba yao, kilichokuwa kimelala stoo kwake miaka nenda miaka rudi: mikono ya mbao ngumu, mgongo mrefu, na ukingo wa mbele ulionakshiwa kwa misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo. Springi zilikuwa zimechomoza, na panya walikuwa wamezaa humo kizazi baada ya kizazi.

"Ukipona unitengenezee. Nikikaa nijue nimekaa. Na ile misumari ya shaba irudi, yote, kama alivyopenda baba."

"Dada, hilo tu?"

"Hilo tu? Wewe hujaniona nikikagua kazi."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Figo liliamka siku hiyohiyo na kuanza kazi, na Dada Filimbi, aliyelala chumba cha pili na bandeji ubavuni, alipoambiwa kwamba mdogo wake anakojoa, aliwatangazia wagonjwa wote wa wodi kana kwamba timu yake imefunga bao.

Kabla ya kuruhusiwa nyumbani, Sponji na mkewe waliitwa na Sista wa kliniki, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini ambayo ilimlazimu mtu kunyamaza ili amsikie.

"Mwili wako una walinzi," Sista alisema. "Wakimwona wasiyemjua, wanampiga. Figo la dada yako ni mgeni. Kwa hiyo tunawapa walinzi dawa wasinzie. Wasilale kabisa, wasinzie tu, mgeni akae kwa amani. Tatizo ni moja: mlinzi anayesinzia, mwizi naye hamwoni."

"Na mwizi akiingia?" mke akauliza.

"Ndiyo maana tunafunga milango mapema."

Akaitaja milango hiyo. Mikono inawe, na sabuni isionewe huruma. Maji yachemshwe, nyama iive, matunda yaoshwe. Mwenye kikohozi akae mbali. Meno yapigwe mswaki asubuhi na jioni. Udongo, ukungu, vinyesi vya ndege, vumbi la vitu vya zamani, vyote hivyo si rafiki. Wa nyumbani wachanjwe chanjo zao, ila yeye Sponji asikubali chanjo yoyote bila kuuliza kliniki. Kulikuwa na kidonge cha kuzuia ugonjwa wa mapafu usianze, kingine cha kuzuia virusi, na hivyo vingepunguzwa taratibu kadiri siku zinavyokwenda. Za kulinda figo hazipunguzwi na mtu ila daktari.

"Na la mwisho, hili msilisahau hata mkisahau jina langu. Homa ni simu. Homa si kidonge cha dukani, wala si kulala uone kesho. Kwa mtu wa dawa hizi, moto mkubwa hutoa moshi mdogo. Ukiona moshi, unapiga."

Mke wa Sponji alikuwa dobi, na uchafu ulikuwa adui yake hata kabla ya kuambiwa. Sasa alipewa ruhusa ya hospitali. Aliweka ndoo yenye bomba mlangoni, sabuni imefungwa kwa kamba, na hakuna aliyevuka kizingiti bila kunawa. Mtu mmoja aliyesimama kuuliza njia alinawishwa kwanza ndipo akaelekezwa. Njiwa wa jirani waliozoea kutua dirishani walihamia paa lingine kwa hiari yao. Kipimajoto cha kioo kilichorwa mstari mwekundu kwa rangi ya kucha, pale ambapo homa inaanza, ili mzee asije akasema hakuona namba.

Randa alikwenda kumtazama mgonjwa, akapiga chafya uani.

"Rudi ulikotoka, shemeji," mke akasema.

"Ni vumbi la mbao tu, shemeji yangu. Mimi mzima kabisa."

"Vumbi la mbao halina kamasi. Nenda dirishani."

Randa akazungumza na rafiki yake kupitia dirishani wiki nzima, amekalia kigoda, akisimulia habari za mtaa kama redio. Sponji alikuwa akicheka huku amejishika kovu.

Miezi ikaenda, vipimo vikawa vizuri, uso ukarudi rangi yake. Siku moja kliniki, Sponji aliuliza jambo lililokuwa likimkereketa: je, anaweza kurudi kazini? Kukaa bila kugonga kitu kulikuwa kumeanza kumfanya agonge meza ya kulia chakula kwa vidole, na mkewe alikuwa amefika mwisho.

Sista hakukataa. Alivuta kiti, akamhoji kama polisi mwenye adabu. Makochi ya zamani yana nini ndani? Panya? Ukungu? Nani anayapasua? Gundi ni ya aina gani? Madirisha yanafunguka? Kuna paka? Sponji alijibu yote kwa ukweli. Wakakubaliana: kupasua kochi la zamani ni kazi ya Randa, na ifanyike nje uani, Sponji akiwa mbali, takataka zichomwe, yeye ashike mbao safi, sponji mpya na kitambaa kipya tu, barakoa usoni, glavu pale zinapofaa. Sista akaridhika. Sponji naye akaridhika.

Kuhusu mdomo hakuna aliyesema kitu. Sista hakuuliza, maana hakuwahi kumwona fundi wa makochi akiwa kazini. Sponji hakusema, wala hakuficha. Misumari mdomoni haikumjia akilini hata kidogo. Nani huenda kwa daktari akamweleza kwamba anapumua?

Kwa makochi ya kawaida hakukuwa na shida, kwa sababu Randa alimwazima bunduki ya pini, na Sponji, ingawa aliidharau na kuiita nyundo ya wavivu, aliitumia. Lakini kiti cha baba kilikuwa jambo lingine. Mwaka mmoja wa figo ulikuwa unakaribia, dada yake alikuwa ameshawaalika ndugu Jumamosi hiyo kwa kile alichokiita bethidei ya figo, na kiti kilitakiwa kiwe katikati ya sebule. Randa alikipasua uani, akafukuza panya wa mwisho, akausugua mfupa wa mbao ukang'aa. Sponji akavuta mikanda, akafunga springi moja moja, akalaza sponji, akatandika kitambaa cha kijani kilichokolea. Ikabaki misumari ya shaba. Hiyo haina bunduki. Hiyo ni mkono na nyundo.

Jumanne alishusha kopo la zamani kutoka rafu ya juu, akalitikisa, akaisikia shaba ikicheka ndani. Mkono wa kushoto ukavuta kitambaa, wa kulia ukashika nyundo. Barakoa ikashuka kidevuni, yeye wala hakujua imeshushwa na nani. Misumari ikaingia mdomoni kama watoto wanaorudi nyumbani kutoka shule.

Na raha aliyoipata, tusimnyime. Ulimi ulikuwa haujasahau kitu. Kok, kok, unaofuata. Kok, kok, unaofuata. Mstari wa shaba ukanyooka kwenye ukingo wa kiti, na Randa, aliyesikia mdundo ule kutoka upande wa pili wa ukuta, aliacha kupiga randa akasikiliza, akafurahi, asifikiri zaidi ya hapo. Karibu na kona msumari mmoja ulijigeuza ukamchoma Sponji kwenye ufizi, nyuma kabisa, pembeni ya jino la mwisho. Alionja chumvi ya damu, akatema, akaendelea.

Jumatano ufizi uliwasha. Alhamisi shavu lilijaa kidogo, na Sponji akawa anatafuna upande mmoja na kumwambia mkewe kwamba jino limekumbuka uzee wake. Akapitia duka la dawa. Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso.

"Nipe vidonge vya maumivu, vile vikali. Na vya kuua vijidudu, kidogo tu."

"Vya nani?"

"Vya jino."

"Jino la nani?"

Sponji akatazama rafu. "La rafiki yangu."

"Rafiki yako huyo ndiye aliyepewa figo na Dada Filimbi, au yuko mwingine?"

Sponji akalifunika shavu kwa kiganja.

"Vile vikali vinalipiga figo," mama akasema, sasa kwa upole. "Na hivyo vingine, baadhi yake vinagombana na dawa zako. Sikuuzii. Nenda hospitali, la sivyo nampigia mkeo."

"Nitakwenda."

"Leo?"

"Leo Alhamisi," alisema Sponji, kana kwamba hilo lilikuwa jibu, akatoka.

Ijumaa, akiwa peke yake karakana, baridi ilimpanda mgongoni wakati jua lilikuwa linachoma bati. Meno yakagongana. Alichukua kipimajoto ambacho mkewe alikitia kwenye mfuko wake wa kazi, akakaa kwenye kigoda, akasubiri, akakiinua kwenye mwanga. Zebaki ilikuwa imeupita mstari wa rangi ya kucha.

Mbele yake kiti kilikuwa kimesimama kama bwana harusi. Ilibaki nafasi ya msumari mmoja tu, pale konani. Akafanya hesabu ambazo kila mtu mwenye homa anazijua: kesho watu wanakuja, dada yangu anakaa, tunacheka, tunaimba, kesho kutwa napiga simu. Siku moja ni nini?

Na hapo akajisikia, si kwa masikio, akitoa hotuba yake mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa amewagombeza wateja. Mtu analeta kochi tumbo liko nje, anasema, "Fundi, ulikuwa uzi mmoja tu umekatika." Naye huwajibu daima: ungelileta likiwa uzi mmoja, nisingekudai bei ya kochi zima. Akautazama ukingo wa shaba, akaufikiria mwili wa dada yake uliopasuliwa ubavuni ili yeye aketi hapa leo akifanya hesabu za kijinga. Akachukua simu.

"Sista, ni mimi Sponji."

"Sema, fundi."

"Nina homa."

"Kiasi gani?"

"Imepita mstari."

"Mstari gani?"

"Wa rangi ya kucha."

"Nisomee namba." Akamsomea. "Njoo sasa hivi. Usimeze kitu chochote. Mkeo anajua?"

"Bado."

"Basi una matatizo mawili. Njoo na yote."

Randa aliwapeleka kwa gari lake la kubebea mbao, watatu wamebanana mbele, mke amemshika mumewe mkono bila kusema neno, jambo lililomtisha Sponji kuliko homa. Kliniki waliwapokea bila foleni. Sista akaanza.

"Umekula kitu kibichi?"

"Hapana."

"Maji?"

"Yanachemshwa mpaka yanalalamika."

"Umekaa na mwenye kikohozi?"

"Huyu angemruhusu nani?"

"Umeumia popote?"

Sponji akafungua mdomo. Sista akawasha tochi, akainama, akakaa hapo muda.

"Hapa umechomwa na nini?"

"Msumari."

"Msumari umefikaje nyuma ya jino?"

"Ndiko unakokaa."

Ilibidi aeleze yote, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, ulimi. Mkewe alisikiliza hadi mwisho. "Nimechemsha vijiko vyako mwaka mzima," alisema polepole. "Vijiko. Uma. Hata kile kijiko cha sukari. Kumbe mwenzangu unakula misumari."

"Nilikuuliza kila kitu kuhusu kazi yako," Sista akasema.

"Hukuuliza habari za mdomo."

"Nawe hukusema."

"Sista, wewe ungeniambia kwamba unapumua?"

Sista akataka kukasirika, akashindwa, akageuka kuandaa sindano.

Walimchukua damu wakaitia kwenye chupa za kuoteshea, ili mdudu ajitokeze ajulikane ni nani. Dawa ya kuua vijidudu haikumsubiri mdudu huyo ajitambulishe. Ilianza kushuka kwenye mshipa saa ileile. Daktari wa meno akaja, akafungua uvimbe, akatoa usaha, akasema kwa furaha ya watu wa kazi yake kwamba umetoka vizuri. Kisha akaingia daktari wa figo na majibu ya kwanza. Kipimo cha figo kilikuwa kimepanda, dalili kwamba linataabika.

"Kidogo," alisema. "Inaweza kuwa homa na kukosa maji tu. Inaweza kuwa zaidi. Nitaipunguza moja ya zile dawa zinazowasinziza walinzi, waamke kidogo watusaidie. Lakini siwezi kuwaamsha sana."

"Wasije wakampiga mgeni," alisema Sponji.

"Hasa."

"Ni kama mikanda ya chini ya kiti. Ukikaza mno mbao zinapasuka, ukilegeza mno mtu anazama mpaka sakafuni."

"Na wewe unajuaje ukazaji wa kutosha?"

"Navuta, nasikiliza, navuta tena."

"Basi na sisi hivyohivyo," daktari akasema. "Tutavuta, tutapima, tutasikiliza."

Jumamosi, saa ambayo ndugu walitakiwa wawe wanaimba, Dada Filimbi aliingia wodini na suruali ya mazoezi, amenawa mikono hadi viwiko kwa kumwogopa wifi yake. Sponji aligeuzia uso ukutani.

"Dada, nimelichezea figo lako kwa msumari."

"Figo lako. Mimi pasi nilishatoa. Mpira uko kwako."

"Na likifa?"

Dada akaketi kitandani, chuma kikalia. "Likifa nitalia," alisema. "Nitalia sana, sitakudanganya. Halafu nitakuja kukaa nawe kwenye mashine kama zamani, nikusomee matokeo ya mechi. Lakini halijafa. Linakojoa?"

"Linakojoa."

"Basi liache lifanye kazi, usilisumbue kwa maneno. Na huo ufizi usinidai mimi. Nilikupa figo, sikukupa meno."

Sponji alicheka, shavu likamuuma, akacheka tena huku analishika. Mkewe, aliyekuwa akikunja shuka ambayo haikuhitaji kukunjwa, aliongea naye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ulipiga simu mwenyewe," alisema. "Hilo nimeliona." Kisha akaendelea kukunja.

Homa ikaanza kushuka, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa adabu. Chupa za damu zilimtaja mdudu, na ikawa ni yule ambaye dawa ilikuwa tayari inamfukuza. Kila asubuhi walipima, wakasikiliza. Kipimo cha figo kikasimama pale kilipopanda, kisha kikashuka ngazi moja, na asubuhi moja daktari akaingia na karatasi mkononi, uso umeshajibu kabla ya mdomo.

"Figo limerudi palepale lilipokuwa."

Mke wa Sponji alitoka nje ya wodi. Waliposikia maji yanamwagika kwa nguvu, walidhani analia kwenye beseni. Alikuwa anaosha mikono, na ndiyo, alikuwa analia pia.

Bethidei ya figo ilifanyika Jumamosi iliyofuata baada ya Sponji kutoka. Ndoo ilikuwa mlangoni. Sista alialikwa, na alipofika mke wa Sponji akamwelekeza kwenye sabuni kama wengine. Sista akanawa, katikati ya vidole na chini ya kucha, akaonyesha viganja akisubiri kupasishwa. Aliwaambia kwamba sasa pale kliniki ana swali jipya analomuuliza kila mwenye ufundi: kazini kwako, mdomoni unaweka nini? Fundi cherehani mmoja, mtulivu kabisa, alikuwa ameshakiri habari za pini.

Kiti cha baba kilisimama katikati ya sebule, kijani, kinang'aa. Dada Filimbi alikizunguka mikono nyuma, akabonyeza mgongo, akainama kukagua miguu, kama anayekagua wachezaji kabla ya fainali. Kwenye kona alisimama.

"Hapa pana pengo."

"Ni ule ulionichoma," alisema Sponji. "Niliutupa. Nilifikiri paachwe hivyo, iwe kumbukumbu."

"Kumbukumbu? Baba yetu aliacha pengo wapi? Ziba. Siwezi kukalia kiti chenye pengo."

Randa akakohoa ili wamtazame, kisha akakumbuka aliko na kumgeukia dobi haraka. "Ni kikohozi cha hotuba, shemeji, si cha ugonjwa." Akatoa kitu mfukoni. Ulikuwa mkanda wa kifundo cha mkono, ule ambao wachezaji hujifutia jasho, wa Dada Filimbi mwenyewe. Juu yake palikuwa pameshonwa mfuko mdogo, mshono wa dobi, na ndani yake kulikuwa na sumaku ambayo Randa aliing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Pamoja nao alikuwa na pakiti mpya ya misumari, vichwa vya shaba, miguu ya chuma, inayokubali sumaku.

"Tumekutengenezea mdomo mpya," alisema. "Huu haupitishi chakula."

Sponji akauvaa. Akamimina misumari kiganjani, ikarukia kifundoni ikakaa imesimama kama miiba ya nungunungu. Watu wakapiga makofi. Akapiga magoti mbele ya kiti, mkono wa kushoto ukavuta kitambaa, wa kulia ukachukua nyundo, na vidole viwili vikachomoa msumari mmoja, vikaanza kupanda nao, taratibu, bila kumuuliza mwenyewe, kuelekea kwenye midomo.

"Mkononi," ikasema sebule nzima kwa sauti moja.

Msumari ukasimama hewani. Ukashuka. Kok, kok.

Dada Filimbi akageuka, akajiachia kwenye kiti kwa uzito wake wote, springi zikamshusha kidogo na kumrudisha. Akapapasa mikono ya mbao pale ambapo baba yao alikuwa akiweka yake.

"Nimekaa," akasema.

Siku hizi, ukipita mbele ya karakana ya Sponji na kumsalimia, anaitikia. Anauliza habari za nyumbani, za kazi, za mafua yako kama unayo, na kama unayo anakuomba usimame hapohapo ulipo. Anakuonyesha mdomo wake mpya unavyofanya kazi. Anakueleza juu ya walinzi wanaosinzia, na kwamba homa ni simu, na mwisho anakukaribisha ukalie kochi alilomaliza jana ili akuulize unaonaje. Mtu aliyetumwa dukani huchelewa.

Upande wa pili wa ukuta, Randa anapiga randa na kulalamika kwa wateja wake.

"Mtu amenyamaza miaka thelathini," husema. "Sasa anatulipa yote kwa mkupuo."